Picha Kumi na Nane

"Huo tena," Mwalimu alisema, na kalamu yake ikatoboa karatasi.

Shangazi yake, aliyekaa kuliani kwake na mkoba mapajani, aligeuka. "Upi?"

"Huo Fundi aliompa Nesi. Hujauona ulivyokwenda juu?"

"Mimi nimeona mpira umekwenda, umepigwa, watu wamepiga makofi. Ulitakiwa uende wapi?"

Mwalimu aliandika tisini kwenye daftari lake la grafu, akapiga mstari chini yake, kisha akapiga mwingine juu ya ule wa kwanza ingawa mmoja ulitosha kabisa.

Kwa mtu aliyepita njia tu, ile ilikuwa mechi ya kawaida ya mpira wa wavu. Uwanja wa saruji nyuma ya hospitali, pembeni ya jengo la kufulia, jua la saa tisa alasiri, wafanyakazi wa hospitali upande huu na wafanyakazi wa posta upande ule, wanawake kwa wanaume wamechanganyika. Fundi, yule anayetengeneza majokofu ya chanjo siku za kazi, siku ya mechi ndiye seta: mpira wa pili ni wake, anaupokea kwa ncha za vidole na kumwinulia mwenzake karibu na wavu ili aushindilie upande wa pili. Alikuwa na vidole vizuri, Fundi. Vidole vilivyozoea nyaya nyembamba na parafujo ndogo. Mwalimu alivipenda vidole vile kabla hajampenda mwenyewe, na leo hii alitamani kuvifunga kwa kamba.

Maana alikuwa amehesabu.

Mwalimu alifundisha fizikia sekondari, na wanafunzi walimwita Bibi Sekunde kwa sababu ya saa ya kupimia aliyoivaa shingoni. Tangu msimu uanze, Kocha alimwomba arekodi mechi kwa simu na kumwandikia nani anapokea vizuri na nani anapoteza. Simu ile ilikuwa inachukua picha sitini kwa kila sekunde. Mwalimu akikaa nazo nyumbani, anazisogeza moja moja kwa kidole, kutoka mpira unapoacha vidole vya Fundi mpaka unapoguswa na mpigaji. Alianza kwa kujifurahisha. Alhamisi, kipindi hana, ndani ya maabara yenye harufu ya spiriti, kujifurahisha kukaisha. Karani wa mapokezi alipewa picha sabini na mbili. Dereva wa ambulensi sabini na moja. Kijana wa maabara sabini na tatu. Nesi, tisini.

Alirudia, akadhani kidole kimeteleza. Tisini. Mpira mwingine, themanini na tisa. Mwingine, tisini na moja. Picha kumi na nane zaidi ya wengine ni karibu theluthi ya sekunde, na kuupata muda huo seta lazima aupandishe mpira kama mita moja zaidi. Mita nzima. Watu hawapandishi kitu mita moja kwa bahati mbaya.

"Sasa wewe unanuna nini?" Shangazi alinong'ona, kwa ule mnong'ono wake unaosikika safu tatu. "Timu inaongoza."

"Sinuni."

"Umevimba. Mama mkwe wako anakutazama."

Mama wa Fundi alikaa kushotoni, ameinyoosha shingo, macho uwanjani, ila masikio yako benchi. Mwaka mzima mama huyu alikuwa hataki kusikia. Alimwambia mwanawe, na maneno yakamfikia Mwalimu yakiwa mazima, kwamba binti anayetembea na saa shingoni atakuja kumpimia pumzi ndani ya nyumba. Sasa alikuwa amelegea. Leo saa kumi na moja, mechi ikiisha, wote walikuwa wanakwenda nyumbani kwake kupanga tarehe ya harusi, na Shangazi, aliyemlea Mwalimu tangu akiwa na miaka minne, alikuwa amevaa hereni zake za dhahabu kwa ajili hiyo.

Zamu ya Nesi kuanzisha mpira ikafika. Alikuwa mrefu, mtulivu, na alipoupiga, mpira ukaenda bila kuzunguka hata kidogo, ukayumba hewani, kushoto, kulia, ukamwangukia mtu wa posta kifuani.

"Mbona ule unalewalewa?" Mama wa Fundi aliuliza.

"Hauzunguki," Mwalimu alisema, kwa sababu ualimu haujui kununa. "Mpira unaozunguka hewa inauvutia upande mmoja, unakata kona unayoijua. Usiozunguka unasukumwasukumwa tu. Hata aliyeupiga hajui utaishia wapi."

"Wanaume wako hivyo hivyo," Shangazi alisema.

"Wa kwangu hakuwa hivyo," alisema Mama wa Fundi.

"Basi Mwenyezi Mungu alikupendelea."

Wazee wakacheka. Mwalimu alikuwa anamtazama Nesi akirudi nafasi yake, na Fundi akimwambia kitu alipompita, na Nesi akitikisa kichwa huku akitabasamu kidogo. Roho ilimchoma. Wivu wa mtu asiye na ushahidi unaweza kutulizwa kwa maneno mawili matamu, lakini Mwalimu ushahidi alikuwa nao, tena umepangwa kwa safu, na kila safu ilimpa haki ya kuumia zaidi.

Na kibaya kuliko vyote ni kwamba Nesi alikuwepo tangu siku ya kwanza. Fundi alikuja shuleni kutengeneza jokofu la maabara, akamaliza, akawa haondoki, anafuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Mwishowe akasema: "Mwalimu, kuna mtu kwenye timu yetu akiruka anasimama hewani. Naapa anasimama. Inawezekana?" Mwalimu akachukua chaki, akamchorea. Hasimami, alimwambia. Mtu akiruka, kadiri anavyokaribia juu ndivyo anavyopunguza mwendo, kwa hiyo nusu nzima ya muda wake hewani anaitumia kwenye ile robo ya juu kabisa. Macho yako yanamkuta pale pale, unadhani kasimama. Fundi akatazama ubao, akamtazama yeye, akasema, "Kumbe." Neno hilo moja lilimfanya Mwalimu akose usingizi siku mbili. Hakuuliza ni nani huyo anayesimama hewani. Leo alijua. Mapenzi yao yalianza kwa swali juu ya mwanamke mwingine.

Seti ya kwanza iliisha hospitali wakiwa mbele kwa pointi tatu. Mwalimu aliinuka kabla ya watu kumaliza kupiga makofi.

"Unakwenda wapi?" Shangazi akauliza.

"Kunywa maji."

"Maji si hayo hapo miguuni pako?"

Fundi alikuwa nyuma ya jengo la kufulia, kwenye bomba, anajimwagia maji kichwani. Mashuka yalikuwa yananing'inia mistari mitatu, meupe, yanawaficha na watu. Alipomwona alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha taratibu.

"Una nini leo? Umenikalia uso wa siku ya mtihani."

"Tisini," Mwalimu alisema.

"Tisini nini?"

"Picha tisini. Ndiyo muda unaompa Nesi. Wenzake wote unawapa sabini na mbili. Mipira ishirini nimeipima, Fundi, na wa kwake haujashuka chini ya themanini na nane hata mmoja."

Fundi alifunga bomba. Maji yaliendelea kumchuruzika shingoni na hakuyafuta.

"Umekaa ukahesabu."

"Nimekaa nikahesabu."

"Siku ngapi?"

"Usinibadilishie mada. Ungekuwa unakosea, ungekosea huku na huku, leo juu, kesho chini. Kosa linayumba. Hili haliyumbi. Unafanya makusudi."

Alitegemea akane. Alikuwa amejiandaa kwa kukana, ana majibu saba kichwani yanasubiri foleni.

"Ni makusudi," Fundi alisema.

Majibu yote saba yakapotea. Mwalimu alisikia mashuka yakipigapiga, na mapigo ya moyo wake mwenyewe, na alichukia kwamba vyote viwili vilikuwa vinakwenda kwa kasi moja.

"Kwa nini?"

"Siwezi kukuambia sasa hivi."

"Utaniambia lini?"

"Saa kumi na moja, nyumbani kwa Mama, kabla wazee hawajakaa. Mechi ikiisha utajua kila kitu. Nivumilie saa mbili, Mwalimu. Saa mbili tu."

"Yeye unampandishia mpira mita moja zaidi, mimi nivumilie."

"Si hivyo."

"Unampenda?"

Fundi akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyeshtuka, lakini kwenye saa ile kilikuwa kitu kibaya kuliko vyote alivyoweza kufanya.

"Umecheka," Mwalimu alisema.

"Nimecheka kwa sababu..." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Sikiliza. Kuna kitu nimeahidi. Kuna mtu nimempa neno langu."

"Na mimi? Mimi hukunipa neno?"

"Nimekupa. Ndiyo maana Shangazi yako leo kavaa hereni." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. Akanyoosha kidole chenye maji, akagusa jalada la daftari la grafu, taratibu. "Hili daftari lako linajua mengi. Naomba leo usilisome kwa sauti. Hilo tu ninakuomba."

Mwamuzi alipuliza filimbi. Fundi akaondoka, akaacha alama ya kidole juu ya jalada, na alama ile Mwalimu akaifuta kwa sketi yake kwa hasira.

Kocha alikuwa mzee mpole, mstaafu wa chumba cha dawa, na filimbi yake aliivaa kama pambo kwa vile hakuna aliyewahi kumsikia akiipuliza. Alikuwa na kawaida yake: baada ya kila seti anapita kwa Mwalimu, ananyoosha mkono, anasema, "Mpimaji, nipe habari," na Mwalimu anampa karatasi ya wapokeaji. Karatasi ile ilikuwa tayari, imekunjwa, ndani ya jalada.

"Mpimaji, nipe habari."

Haki ya Mungu alikuwa anataka kumpa ile iliyokunjwa. Mkono ulikuwa njiani. Lakini ng'ambo ya Kocha, kwenye kona ya uwanja, alimwona Fundi ameinama sikioni mwa Nesi, anamwambia jambo kwa haraka, na Nesi ameweka mkono begani kwake. Hakugusa tu akautoa. Aliuacha pale, ameegemea, uzito wote wa mwili wake kwenye bega ambalo Mwalimu alidhani ni lake peke yake.

Akachana ukurasa wenye zile tisini, akampa Kocha.

"Mipira inapelekwa kwa upendeleo," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata karani wa mapokezi akageuka. "Nimeona ujue."

Kocha alivaa miwani. Alisoma safu ya kwanza, ya pili, akairudia ya kwanza.

"Hizi namba ni sahihi?"

"Nimehesabu mara mbili."

"Tangu lini imekuwa hivi?"

"Wiki tatu. Kabla ya hapo alikuwa anapewa sabini na mbili, sawa na wenzake."

"Wiki tatu," Kocha akasema. Alivua miwani, akaikunja. "Seta akianza ghafla kumwinulia mtu mmoja mpira wa juu namna hii, sababu inakuwa moja."

Mwalimu alikuwa tayari kuisikia ikitajwa mbele za watu.

"Nesi," Kocha aliita. "Njoo ukutani."

Uwanja mzima ulinyamaza, upande wa hospitali kwa maana waliujua ukuta, upande wa posta kwa kuona wengine wamenyamaza. Mwanzoni mwa msimu kila mchezaji alipakwa chaki vidoleni, akasimama pembeni ya ukuta wa jengo la kufulia, akaruka, akapiga alama juu kadiri ya uwezo wake. Kocha aliandika herufi pembeni ya kila alama. Mvua hazikufika pale kwa sababu ya paa, na alama zilikuwepo bado. Ya Nesi ilikuwa juu ya wanawake wote na wanaume wawili.

"Kocha, mechi inaanza," Fundi alisema.

"Itanisubiri. Pakaa chaki, mwanangu."

Nesi alimtazama Fundi. Fundi akamtazama Mwalimu. Hakumtazama kwa hasira, na Mwalimu alitamani ingekuwa hasira. Kisha akatazama chini.

Nesi akapaka chaki, akarudi hatua tatu, akaja. Hatua ya mwisho aliikata, akaikanyaga kwa mguu mmoja badala ya miwili, akaruka. Vidole vyake viliacha alama mpya, nyeupe, shibiri nzima na vidole viwili chini ya ile ya zamani. Alipotua alitua kwa mguu wa kushoto peke yake, akajishika ukutani.

"Goti," Kocha alisema.

"Goti, Kocha."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Daktari kasema nini?"

"Jumatatu napasuliwa."

"Na leo hapa umekuja kufanya nini?"

Nesi alifuta chaki kwenye kaptula yake, kidole kimoja kimoja. "Kuaga," alisema.

Kocha akamshika kiwiko, akampeleka benchi, akamwita karani wa mapokezi, aliyekuwa akiba siku hiyo, aingie badala yake. Alipompita Mwalimu alimrudishia ukurasa wake, akasema, "Umefanya kazi nzuri, Mpimaji," na hakuwa anamkejeli. Ndiyo maana iliuma.

Mwalimu alikaa. Shangazi alimuuliza kitu, hakukisikia. Miaka tisa alikuwa anawaambia watoto wa watu wasiandike hitimisho kwa kipimo kimoja, na anakata alama kwa kalamu nyekundu akiwakuta wameandika. Yeye alipima mpira tu. Hakumpima mrukaji. Kwenye kila picha kati ya zile tisini Nesi alikuwemo, miguu yake ilikuwemo, angeweza kuhesabu amekaa hewani picha ngapi na kuona zimepungua. Mtu anayeruka chini anahitaji mpira umngoje. Anayekuja kwa goti bovu anachelewa kufika, na mpira wa kawaida ungepita hajafika. Yote yalikuwa pale pale, kwenye simu yake. Hakuyaona kwa sababu kila alipofika kwenye sura ya Nesi alikuwa anairuka. Alikuwa hapendi kuitazama.

Seti ya pili mipira ya Fundi ilikuwa sawasawa, sabini na mbili, sabini na mbili, haina kosa wala raha. Hospitali wakafungwa. Seti ya tatu walipoianza, Mwalimu alipiga moyo konde, akaenda kukaa karibu na Nesi, aliyekuwa amefunga barafu gotini kwa kitambaa.

"Nesi. Nisamehe."

Nesi alikuwa anafuatilia mpira kwa macho. "Kocha kafanya sawa. Ningekuwa yeye ningenitoa."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Mimi ndiye nilimkataza Fundi asikuambie. Nilijua ukijua, utaandika, na ukiandika, Kocha atasoma. Miaka kumi na mmoja nimecheza hapa. Nilitaka mechi moja tu iliyobaki." Akasogeza barafu. "Alikubali kwa shingo upande. Akasema kwa wiki tatu atanyamaza, ila leo saa kumi na moja nije mwenyewe kwa mama yake nikuambie. Akasema hawezi kukaa na wazee kupanga harusi huku ana kitu amekuficha."

Mwalimu alitazama saa iliyokuwa shingoni mwake. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nne.

"Na ule mkono begani," alisema, na aliona haya kuuliza, lakini aliuliza.

Nesi akageuka kumtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka tu. "Nilikuwa siwezi kusimama, Mwalimu. Alikuja kuniambia wewe umeshajua, nitoke mwenyewe kabla hujaniumbua. Nilikuwa namwambia huwezi kufanya hivyo. Nilimwambia, yule ana hasira lakini hana roho hiyo."

Timu ikafungwa na seti ya tatu. Fundi alikuja, akampa Nesi mkono, akamwinua, akachukua mkoba wake mpaka kwenye kiti cha magurudumu ambacho dereva wa ambulensi alikileta kwa mzaha na mwishowe kikatumika kweli. Niseme ukweli wote: hata hapo, na yote aliyokwisha kuyajua, Mwalimu alipouona mkoba wa Nesi begani kwa Fundi kitu kilimchoma. Kilichoma kidogo, kikakaa.

Saa kumi na moja na robo walikuwa sebuleni kwa Mama wa Fundi, vitambaa vipya kwenye makochi, vikombe vimepangwa. Nesi hakuja. Kwenye ukuta kulikuwa na kalenda, na Jumamosi ya pili ya mwezi ujao ilikuwa imezungushiwa duara kwa kalamu ya bluu. Mama alikuwa ameizungusha mwenyewe, tena kabla ya kuambiwa.

"Mimi nimeipendekeza tu," alisema alipoona wanaitazama. "Msije mkasema nimewapangia."

"Tarehe nzuri sana," Shangazi akasema. "Shule zitakuwa zimefunga. Fundi, baba, unasemaje?"

Fundi hakuwa amegusa kikombe chake. Njia nzima alikuwa ametembea mbele pamoja na mama yake. Aliinuka, akaenda kwenye kalenda, akafunua ukurasa. Akafunua wa pili. Akafunua wa tatu, akaushikilia kwa kidole gumba.

"Huku," alisema.

Shangazi alishika hereni moja. "Kuna tatizo?"

"Hakuna, Shangazi. Naomba muda."

"Mwaka mzima nilikuambia usubiri hukutaka," mama yake alisema. "Leo nimezungusha duara ndiyo unasubiri. Umegombana na Mwalimu?"

"Kosa ni langu, Mama," Mwalimu akasema. Alikuwa hajawahi kumwita Mama bila kuongeza "mkubwa" mwishoni, na mama yule alilisikia hilo, akafunga mdomo, akamiminia kila mtu chai kwa mara ya pili.

Fundi alitoka nje, na Mwalimu akamfuata, akamkuta kibarazani, penye viatu. Alisimama mbali naye hatua mbili.

"Uliniomba kitu kimoja," alisema.

"Nilikuomba kimoja."

"Nimemnyang'anya mechi yake ya mwisho. Nikifumba macho namwona anavyofuta ile chaki. Sijui wivu ule umetoka wapi. Sijui kama umeisha. Ulipobeba mkoba wake niliumia tena, Fundi, na nilishajua kila kitu. Nakuambia ili usije ukasema nilikuficha."

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. "Asante kwa kuniambia."

"Unaniacha?"

"Ningetaka kukuacha ningekubali ile tarehe ya bluu," alisema. "Ningekupa mpira wa chini, wa haraka, ukashindwa kuufikia, watu wakasema umeshindwa mwenyewe."

Ndani, Shangazi alikuwa anamuuliza Mama kama kalamu ile ya bluu inafutika. Mwalimu alivua saa shingoni, akaikunja kamba yake, akaitia mfukoni.

"Jumatatu nitakwenda wodini kumwona," alisema. "Asiponitaka nitakaa nje."

"Anaingia saa mbili asubuhi."

"Nitakuwepo." Kupitia mlangoni akaitazama kalenda ile iliyokuwa imebaki imefunuliwa ukutani. "Lakini miezi mitatu ni mingi."

"Kwa mtu mwenye magoti mazima ni mingi," Fundi alisema, akainama, akamsogezea viatu vyake.